Je, Wajua? Kivumishi Kilichotoka Zizini

Je, wajua kwamba neno ambalo Mwitaliano humwandikia mtu anayemheshimu, Mwingereza humtupia mtu aliyeboronga?

Ofisi ya mwanasheria mjini Milano ikikuandikia barua, huenda juu ya bahasha ukakuta Egr. Sig. kabla ya jina lako. Kirefu chake ni Egregio Signore, na hapo umetajwa kwa adabu zote. Vuka sasa uende London. Neno ni lilelile, mama mmoja baba mmoja, ila limebadilika kidogo mkiani: egregious. Jaji akiandika kwamba kosa lako ni egregious, jua maji yamezidi unga. Amesema si kosa dogo wala la bahati mbaya. Ni kosa linaloonekana na kila mwenye macho, limepita kiasi, halina utetezi. Ripoti za haki za binadamu zinalipenda sana neno hili, na watafsiri wetu hulimaliza kwa kusema “ukiukwaji mkubwa”. Mimi naona ukubwa pekee hautoshi. Ndani ya egregious mna kero pia, ile ya mtu anayeuliza: hivi hata hili mmeweza kulifanya?

Nimekichagua kivumishi hiki kwa sababu kimebeba kundi zima la ng'ombe na mbuzi tumboni mwake na wengi wanaokisema hawalijui hilo. Tena safari yake ya kutoka kwenye sifa hadi kwenye shutuma, Kiswahili nacho kimeianza. Tutafika huko.

Anayetoka kundini

Kilatini kinasema egregius. Kipande cha mbele ni e, ufupisho wa ex, yaani “kutoka”. Kinachofuata ni grex, kundi la mifugo, ambalo likibadilika kisarufi huwa gregis, grege na kadhalika. Egregius basi ni aliyetolewa kundini, aliyejitenga na wenzake kwa ubora. Picha ni ya mchungaji amesimama langoni mwa zizi asubuhi, wanyama wanapita mmoja mmoja, na jicho lake linatua kwa yule fahali mwenye mgongo ulionyooka na ngozi inayong'aa. Huyo ndiye egregius.

Ukilisoma neno hilo herufi kwa herufi, e-gre-gi-us, kama msomaji yeyote wa Kiswahili angelisoma, ukaweka mkazo kwenye gre, utakuwa umemkaribia Mrumi wa kale kuliko Mwingereza anayesema “igrijas”.

Lakini mnyama bora alitolewa kundini ili iweje? Kamusi ya kale ya Kilatini ya Festus inaeleza egregius kwa maana hiyohiyo ya kuchaguliwa kutoka kundini, kisha inalitaja neno ndugu yake, eximius, linalotoka kwenye kitenzi cha kutoa au kuondoa. Hilo, inasema, lilitokana na sadaka: mnyama bora kuliko wote alitengwa na kundi kwa ajili ya miungu. Kwa hiyo sifa ile ilikuwa na kisu nyuma yake. Waislamu wanaochinja siku ya Idi el-Hajj wanaijua kanuni inayofanana na hiyo: mnyama asiwe chongo, asiwe kiguru dhahiri, asiwe mgonjwa, asiwe amekonda hadi mifupa. Anayepelekwa ni yule ambaye mwenyewe roho inamuuma kumtoa.

Je, wajua kwamba Warumi walitozwa faini kwa ng'ombe?

Si ajabu lugha yao ilinukia zizi. Roma ile ya marumaru na majeshi ilianza kama vijiji vya wakulima na wafugaji kando ya mto Tiber, na hata ilipokuwa mji mkubwa, kiwanja kimoja karibu na mto kiliendelea kuitwa Forum Boarium, soko la ng'ombe. Neno lao la fedha, pecunia, limetokana na pecus, mifugo. Mzee wa Kisukuma au wa Kimaasai hahitaji kuelezwa uhusiano huo.

Mwandishi Aulus Gellius, aliyeishi karne ya 2 BK, ameacha habari moja ninayoipenda sana. Anasema hapo zamani faini ya juu kabisa ambayo mtu angeweza kutozwa ilikuwa ng'ombe 30 na kondoo 2. Kwa nini kondoo wawili tu? Kwa sababu, anaeleza, ng'ombe walikuwa tele na kondoo walikuwa haba. Baadaye ikaonekana kwamba wanyama hawalingani, mmoja analeta dume lililonona na mwingine analeta gofu la ng'ombe, na adhabu haziwi sawa. Ndipo ikawekwa bei: kondoo mmoja asi 10, ng'ombe mmoja asi 100. Asi ilikuwa sarafu ya shaba. Gellius anaongeza kwamba wapo waliosema hata jina Italia lilitokana na neno la kale la ng'ombe, kwa wingi wa ng'ombe waliolisha katika nchi hiyo.

Kutoka pecus hiyohiyo walipata peculium, mali kidogo ambayo mtumwa au mtoto wa nyumbani aliruhusiwa kuishika kama yake ingawa kisheria ilikuwa ya bwana au baba. Kivumishi chake kilimaanisha “cha mtu binafsi, chake peke yake”. Waingereza wakakichukua kuwa peculiar, na hadi leo kinaweza kumaanisha kitu kilicho cha mahali pamoja tu. Ila tangu miaka ya 1600 hivi kimepata maana nyingine iliyoizidi ya kwanza nguvu: kitu cha ajabu, kisichoeleweka, cha kutiliwa shaka. Tazama njia ilivyo. Kilicho chako peke yako kinageuka kuwa kituko. Weka alama hapo, maana egregious ilipita njia hiyohiyo.

Cheo cha mshahara mnono

Kabla ya kushuka, neno letu lilipanda juu sana. Kuanzia karne ya 2 BK, vir egregius, “mtu mteule”, kilikuwa cheo rasmi cha serikali ya Roma. Waliopewa walitoka tabaka la wapanda farasi, lililokuwa chini ya maseneta, ambalo ili uingie ulitakiwa uwe na mali isiyopungua sesterti 400,000. Ni tabaka alilotoka Pontio Pilato, ingawa yeye aliishi kabla cheo hicho hakijaanza kutumika. Wenye cheo hicho walisimamia mapato ya Kaisari na kutawala majimbo madogo. Wa ngazi ya chini walilipwa sesterti 60,000 kwa mwaka, wakati askari wa kawaida wa miguu, baada ya nyongeza ya Kaisari Domitian, alipata 1,200. Hesabu ni rahisi: ofisa mmoja, askari 50. Kwenye mawe ya kumbukumbu cheo hicho kilichongwa kwa herufi mbili tu, V E, na watu walielewa.

Juu yao walikuwapo wengine wenye majina makubwa zaidi, perfectissimus na eminentissimus. Kama ilivyo desturi ya vyeo, kila mtu akataka cha juu, vya chini vikachuja, na kufikia karne ya 4 vir egregius akatoweka.

Mahali ambapo neno hili linanigusa zaidi si kwenye mawe hayo. Ni katika kitabu cha 6 cha utenzi wa Virgil, Aeneid. Shujaa Aeneas ameshuka kuzimu, anaonyeshwa roho za Warumi watakaozaliwa, na kati yao anamwona kijana mmoja mwenye uzuri wa kipekee lakini uso wake umefunikwa na huzuni. Virgil anamwita egregius. Kijana huyo ni Marcellus, mpwa wa Kaisari Augustus, aliyetazamiwa kumrithi mjomba wake, akafa mwaka 23 KK akiwa na miaka 19 hivi. Inasimuliwa kwamba Virgil alipoisoma sehemu hiyo mbele ya Augustus na Octavia, mama wa marehemu, mama yule alizimia. Mteule wa kundi, aliyetolewa kundini mapema mno. Sijui kama Virgil aliikumbuka ile maana ya sadaka alipochagua neno hilo, lakini mtoto wa shamba alikuwa, kazaliwa kijijini karibu na Mantua, na mashairi yake mengine ni ya malisho na mifugo.

Watoto wengine wa zizi hilohilo

Je, wajua kwamba neno la Kiingereza la kutenganisha watu kwa rangi nalo lina kundi ndani yake? Segregate ni se, “kando”, na grex. Egregius alitolewa kundini kwa kusifiwa. Huyu wa pili aliwekwa kando kwa kudharauliwa. Mahakama Kuu ya Marekani iliubariki utengano huo mwaka 1896 na ikaukataa shuleni mwaka 1954, na katika miaka yote 58 ya katikati neno la wafugaji liliandikwa juu ya maisha ya watu.

Congregation ni kundi lililokusanywa pamoja, na ndivyo Wakristo wanaosema Kiingereza wanavyoliita kusanyiko lao. Walutheri wa Tanzania wanasema usharika, neno lenye asili ya Kiarabu ya kushirikiana, halina mnyama hata mmoja. Ila kiongozi wa usharika huo ni mchungaji! Pastor wa Kilatini ni mlisha mifugo, na waliotafuta neno la Kiswahili walikwenda moja kwa moja kwa yule anayechunga. Kwa hiyo kwetu kundi limeachwa, mchungaji amebaki.

Na ipo gregarious, kivumishi cha viumbe wapendao kuishi makundi makundi, ambacho siku hizi hutumika pia kwa mtu mchangamfu asiyependa kukaa peke yake. Wanasayansi wanakitumia kwa nzige. Mwaka 1921 mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alionyesha kwamba aina mbili za nzige zilizodhaniwa kuwa tofauti kabisa zilikuwa mdudu mmoja mwenye hali mbili. Nzige wa jangwani akiwa peke yake ni mpole, rangi yake hafifu, anakwepa wenzake. Mvua zikinyesha, majani yakaota, wakazaliana hadi wakaanza kugusana, anabadilika: rangi inakoza, tabia inageuka, anawatafuta wenzake na kusafiri nao. Wale walioingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 na kula mashamba hadi mwaka uliofuata walikuwa katika hali hiyo ya kikundi. Mdudu mmoja asiyeonekana anageuka janga kwa sababu amekutana na kundi.

Lugha yetu nayo ina mnyama wake wa siasa. Beberu ni mbuzi dume, mwenye harufu kali na ubabe wa kuwapanda na kuwasukuma wenzake zizini. Wapigania uhuru wakamchukua mzimamzima, na leo kuna vijana wanaojua ubeberu ni nini bila kuwahi kumwona beberu mwenyewe.

Sifa ilipogeuka tusi

Turudi kwa Waingereza. Karne ya 16 wasomi wao walikuwa wakibeba maneno ya Kilatini kwa magunia. Wenzao wengine walichukia. Mwaka 1553 Thomas Wilson alichapisha kitabu cha ufasaha ambamo aliwasema waandishi wanaojaza Kilatini hadi mama zao wasiwaelewe, na maneno ya aina hiyo yakaitwa maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa wino ulihifadhiwa katika pembe ya mnyama. Egregious iliingia katika msafara huo, miaka ya 1530 hivi, ikiwa na maana yake nzuri: bora, mashuhuri.

Haikukaa vizuri kwa muda mrefu. Kabla karne haijaisha maana mbili zilikuwa zikiishi nyumba moja. Katika tamthilia ya Christopher Marlowe kuhusu mshindi Timur, iliyochapishwa mwaka 1590, mfalme mmoja anawaita magavana wake kwa neno hilo, na ni heshima tupu. Miaka michache baadaye Shakespeare, katika Henry V, anamweka Pistol, askari mwenye mdomo mkubwa, akimdai mateka Mfaransa fidia iliyo egregious; hapo ni kubwa tu, ya kutisha. Ukifika Cymbeline, tamthilia ya miaka yake ya mwisho, mume aliyeamini kwamba amemuua mke wake asiye na hatia anajiita mwenyewe muuaji wa namna hiyo. Maana ya leo imeshatua.

Nini kilitokea? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kejeli. Ukizoea kusema “msomi mashuhuri”, siku moja utasema “mpumbavu mashuhuri”, na watu watacheka. Ukilirudia mara mia, kicheko kinaisha na neno linabaki limeungana na upumbavu. Egregious ikaanza kufuatana na waongo, wajinga na makosa, na kwa kuwa Kilatini chake hakikuwa wazi kwa mtu wa kawaida, hakuna aliyeikumbuka sifa ya kwanza. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 aliandika maana nzuri kwanza, kisha mbaya, akaongeza kwamba hiyo ya pili ndiyo inayotumika kwa kawaida.

Wakati huohuo neno jingine la Kilatini lilikuwa likipanda ngazi ambayo egregious ilikuwa ikiishuka. Nescius ni “asiyejua”. Wafaransa wa kale walilikata likawa nice, wakimaanisha mpumbavu. Waingereza walilipokea kwa maana hiyo zaidi ya miaka 700 iliyopita, likapitia maana za uvivu, udekaji, uchaguzi wa mambo, umakini, na kufikia karne ya 18 likawa “-zuri, -a kupendeza”. Jane Austen, katika Northanger Abbey, ana mhusika anayemtania msichana kwa jinsi neno hilo linavyobandikwa kwenye kila kitu, kuanzia siku hadi kitabu. Mpumbavu akawa mzuri, mteule akawa mwovu. Walipishana njiani.

Na sisi je?

Mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi inapenda upande wa kupandisha. Balaa kwa Kiarabu ni msiba na janga, na katika Kiswahili cha wazee ni hivyohivyo. Leo mshambuliaji akifunga mabao matatu shabiki anasimama na kupiga kelele kwamba jamaa ni balaa. Hatari ni sifa. Noma ni sifa, au si sifa, kutegemea sauti na uso wa msemaji. Mjanja, aliyekuwa laghai, siku hizi mzazi anafurahi akiambiwa mwanawe ni mjanja.

Lakini liko neno moja linalokwenda njia ya egregious hatua kwa hatua, na kila nikilisikia nasimama. Kutukuka. Ni kitenzi cha juu kabisa tulicho nacho. Mungu ametukuka. Ramadhani ni mwezi mtukufu. Wakenya walimwita Daniel arap Moi Mtukufu Rais. Mtumishi wa umma anayestaafu baada ya miaka 30 anaagwa kwa utumishi uliotukuka, na ukumbi mzima unapiga makofi. Kisha fungua gazeti la Tanzania siku ambayo daraja limeachwa nusu na fedha hazijulikani zilipo, au keti kwenye kijiwe cha kahawa jioni mazungumzo yakiwa yamekolea. Utasikia uzembe uliotukuka. Ujinga uliotukuka. Upuuzi uliotukuka.

Sikumbuki lini nililisikia mara ya kwanza kwa matumizi hayo, ila nakumbuka nilicheka. Sasa sicheki. Nalipokea kama tathmini ya kawaida ya jambo baya lililopita kiasi, ambayo mzungumzaji anaitoa akiwa amekunja uso. Na kama ningetakiwa kesho kuitafsiri hukumu ya Kiingereza yenye egregious negligence ndani yake, ningepita juu ya “uzembe mkubwa”, juu ya “uzembe uliokithiri”, juu ya “uzembe uliokubuhu”, nikatua kwenye uzembe uliotukuka. Ndiyo tafsiri pekee iliyobeba utukufu wa zamani na hasira ya leo kwa pamoja, kama lilivyobeba neno lenyewe miaka 400 iliyopita.

Kamusi zetu bado zinakieleza kitenzi hiki kwa sifa peke yake: kuwa na hadhi, kuheshimika, kuadhimishwa. Siku mhariri wa kamusi atakapokaa kuongeza maana ya pili, atakuwa na kazi ya Johnson mezani kwake: ipi aiandike ya kwanza, na je, aseme kwamba ya pili ndiyo inayotumika kwa kawaida?